Sura ya Tano: Juni Unguja, Desemba Mafia

Familia ya Mbeya au Iringa ikiamua kwamba mwaka huu akiba ya likizo itaishia baharini, mjadala wa nyumbani hufika haraka kwenye majina mawili. Unguja inatajwa na kila mtu, kwa sababu fungate, semina na safari za ofisi zimeshaitangaza nchi nzima. Mafia inatajwa na yule aliyeona video ya papa potwe, au aliyechoka kusikia habari za Nungwi. Baada ya hapo hulinganishwa picha na bei za vyumba, na mwenye sauti kubwa zaidi mezani hushinda. Hoja ya sura hii ni kwamba mjadala wa namna hiyo unaanzia mwisho. Visiwa hivi havishindani mwaka mzima. Kila kimoja kina miezi yake, na kwa mtu anayeshuka kutoka Nyanda za Juu Kusini miezi hiyo inapishana vizuri: Juni hadi Agosti aende Unguja, tena kaskazini mwa kisiwa, Oktoba hadi Februari ana sababu nzuri ya kwenda Mafia, ilimradi awe na siku za kutosha. Upepo, maji na barabara ndivyo vinavyoamua, na vyote vitatu vinajulikana mapema kabla hujampigia mwenye hoteli.

Tuanze na upepo, maana watu wa pwani wamegawa mwaka wao kwa upepo tangu zama za majahazi. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba huvuma kusi, nao hukaza zaidi Juni hadi Agosti. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, ambao kwa kawaida ni mpole zaidi na huja na joto. Kati ya misimu hiyo kuna malelezi, pepo zinapogeuka na bahari kutulia. Masika hunyesha Machi hadi Mei, na mvua za vuli huja kwa vipindi kati ya Oktoba na Desemba. Sasa weka kalenda hiyo pembeni ya kalenda ya Mbeya. Shule hufunga Juni na Desemba. Juni ndipo baridi ya nyanda za juu inapoanza kuuma, na usiku wa Julai mjini Mbeya joto hushuka chini ya nyuzi 10, wakati mchana wa Unguja siku hizo hizo hufika nyuzi 28 hivi bila fukuto la Februari. Kwa hiyo likizo ya Juni ina mantiki kubwa kwa mtu wa milimani, lakini anaifikia bahari wakati kusi ina nguvu. Hapo umbo la kisiwa linaanza kuwa na maana. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, huupokea upepo huo usoni. Ndiyo maana wanaoteleza juu ya maji kwa tiara hujazana Paje miezi hiyo. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, huko kaskazini, vimejificha nyuma ya kisiwa, na maji yake hubaki matulivu hata kusi ikivuma. Unguja ni kubwa kiasi cha kumpa mgeni upande wa kukimbilia, na wenye gari au daladala huhama pwani moja kwenda nyingine kwa muda wa saa mbili au chini ya hapo.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa, na hili ndilo linalomkwaza zaidi aliyezoea Ziwa Nyasa, ambalo liko pale pale asubuhi na jioni. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele kila siku. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni za bamvua: tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo hukaribia mita 4. Katikati yake ni siku za maji mafu, tofauti inapokuwa ndogo. Kuna kanuni moja ya pwani yetu ambayo vipeperushi vya hoteli havimwambii mgeni: siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa jioni kuanzia saa kumi; siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakawa yamejaa asubuhi. Anayefika Jambiani siku ya bamvua na kwenda ufukweni baada ya chai ataikuta bahari imekimbia mbali sana. Mbele yake kutakuwa na mchanga wenye vidimbwi, safu za vijiti vilivyounganishwa kwa kamba, na wanawake wameinama katika maji yasiyofika magotini wakifunga vipande vya mwani kimoja kimoja, kazi iliyoanza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni jambo zuri kuliona, na hatari yake ni miiba ya viumbe wa baharini na mawe makali kwa anayetembea peku. Lakini aliyekuja kuogelea atasubiri hadi alasiri. Kendwa na Nungwi ufuo wake una mteremko mkali zaidi, na mtu huogelea karibu saa zote. Mtu mwenye siku nne za kukaa kisiwani na watoto wasiojua kungoja anapaswa kulijua hili kabla ya kulinganisha rangi za mapazia.

Mafia nayo inatawaliwa na maji hayo hayo, kwa ukali zaidi. Sehemu kubwa ya mwambao wake ni mikoko, na fukwe za mchanga kama ile ya Utende ni ndogo ukizilinganisha na za Unguja. Anayekwenda Mafia kutafuta kilomita za mchanga mweupe amekosea kisiwa. Utajiri wa Mafia uko chini ya maji na pembezoni mwake: matumbawe ya ghuba ya Chole, mafungu ya mchanga yanayojitokeza katikati ya bahari maji yakipwa, popo wakubwa wanaolala kwenye miti ya Chole, magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani. Karibu vyote hivyo hufikiwa kwa mashua, na nahodha ndiye anayepanga saa ya kuondoka kwa kutazama maji, si mgeni kwa kutazama saa yake. Kusi ikikaza, wazamiaji hubaki ndani ya ghuba ya Chole kwa sababu nje ya mwamba mawimbi ni makubwa. Kuanzia Oktoba bahari inapotulia ndipo milango inapofunguka. Kisiwa hiki hakina upande wa pili wa kukimbilia kama Unguja ilivyo na Kendwa. Kwa mgeni wa Juni hilo ni upungufu mkubwa, na kwa mgeni wa Desemba halina uzito.

Papa potwe ndiye anayekamilisha hoja ya msimu. Huyu ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, asiye na madhara kwa mtu, na huonekana karibu na Kilindoni, upande wa magharibi wa Mafia, hasa Oktoba hadi Februari, anapofuata uduvi na viumbe wengine wadogo karibu na nchi kavu. Yapo madai kwamba papa hawa wapo Mafia mwaka mzima, kwa hiyo msimu ni maneno ya wauza safari. Nusu ya kwanza ya dai hilo ni kweli. Watafiti waliwafunga papa vifaa vya kutoa mlio na kutega vipokezi baharini, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba wengi wao hawahami. Miezi ambayo hawaonekani huwa wamesogea mbali na ufuo na kushuka chini zaidi. Kwa mwanasayansi hiyo ni habari kubwa. Kwa familia iliyokodi mashua mwezi wa Julai, papa aliye chini kwenye kina hana tofauti na papa asiyekuwapo. Mwenye kuitetea Mafia ya Juni ana hoja iliyo bora zaidi: kasa. Vifaranga vya kasa huanguliwa katika fukwe za Juani takriban Juni hadi Septemba na kukimbilia baharini mbele ya wageni wachache waliofika kwa utaratibu wa wahifadhi. Anayependa viumbe kiasi cha kufunga safari kwa ajili hiyo peke yake aende. Ila tukio hilo ni la jioni moja, na safari ya kulifikia kutoka Mbeya ni ya siku kadhaa.

Hapo tunafika kwenye barabara. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita 830 hivi, na kutoka Iringa ni takriban 500. Njia ni moja: kuteremka Mlima Kitonga nyuma ya malori ya Tunduma, kupita Ruaha Mbuyuni, kukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa mwendo mdogo, kisha Morogoro na foleni za kuanzia Chalinze. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mtu wa Mbeya anaweza kuondoka jioni na kuwa Mbezi asubuhi. Mtu wa Iringa ana njia nyingine: basi hadi Morogoro, kisha treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ambayo inamwokoa na kipande kibaya zaidi cha barabara. Mwenye uwezo ataruka kutoka Songwe, uwanja uliofunguliwa mwishoni mwa 2012. Hadi Dar es Salaam, basi, visiwa vyote viwili viko sawa. Tofauti huanzia pale. Boti za kwenda Unguja huondoka mara kadhaa kwa siku kutoka katikati ya jiji na huchukua saa mbili hivi. Ukikosa moja utapanda nyingine, na Mtanzania mwenye kitambulisho hulipa nauli ya raia. Kwenda Mafia kwa bahari inakubidi uvuke jiji hadi Mbagala, ushike barabara ya Kilwa, uchepuke kuelekea Nyamisati kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, kisha upande kivuko kwa saa nne hivi, na saa ya kuondoka hutegemea maji. Ndege ndogo huifanya safari hiyo kwa nusu saa, kwa nauli ambayo ukiizidisha kwa watu watano inakuwa ada ya shule.

Hesabu ya siku inaonyesha uzito wa jambo hili. Chukua familia ya Mbeya yenye siku nane zote pamoja. Wakiondoka jioni ya siku ya kwanza, siku ya pili alasiri wako Unguja. Wakitenga siku mbili za mwisho kwa kurudi, wamebaki na karibu siku nne kamili baharini. Wakienda Mafia bila ndege, si busara kutegemea kushuka basi na kupanda kivuko siku hiyo hiyo, kwa hiyo watalala Dar es Salaam wakienda na pengine wakirudi, na siku nne zitakuwa mbili. Juni, Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali na vyombo kubaki bandarini, hata hizo mbili haziko salama. Siku zikiwa kumi na mbili, hesabu inabadilika na Mafia inaanza kulipa. Ndiyo sababu nimeweka sharti la siku pamoja na sharti la mwezi.

Tofauti hii ya usafiri ina historia. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliziweka Unguja na Pemba chini ya himaya ya Waingereza, na Mafia ikaenda kwa Wajerumani pamoja na bara. Hadi leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Zanzibar ilipoumizwa na kuporomoka kwa bei ya karafuu ililazimika kutafuta fedha kwingine, na kuanzia miaka ya 1980 ikafungulia mlango uwekezaji wa hoteli. Matokeo yake ni barabara za lami, boti za kasi na wageni wa nje zaidi ya 700,000 kwa mwaka 2024. Mafia ilichukua njia nyingine. Mabomu ya wavuvi haramu yalikuwa yakivunja matumbawe, na mwaka 1995 eneo la kilomita za mraba 822 likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini. Kwa hiyo Unguja ilijengwa ili watu wengi wafike, na Mafia ilitunzwa ili vilivyomo visiharibike. Hakuna aliye na haki ya kulalamika kwamba Mafia haina boti sita kwa siku huku akisifu utulivu wake. Hivyo viwili vimetokana na uamuzi mmoja.

Pingamizi la kwanza zito linatoka shambani. Nyanda za Juu Kusini hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Desemba mkulima wa Mbozi, Mufindi au Kilolo anapanda mahindi au anapalilia, na fedha yake iko kwenye mbegu na mbolea. Kumwambia aende Mafia Desemba ni kumwambia aache mwaka wake mzima wa chakula. Pingamizi hili ni la kweli, nami silipingi. Linaimarisha hoja badala ya kuiangusha. Mkulima huwa na nafasi na fedha baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, na hiyo ndiyo miezi ya Unguja. Akichagua Julai anaweza hata kuikuta sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi. Desemba ya Mafia inamfaa mwalimu, muuguzi aliyepata likizo, mfanyakazi wa benki, mfanyabiashara asiye na shamba la kumsubiri. Na wasio na watoto wa shule wanaweza kusogeza hadi Februari, joto likiwa kali na bahari ikiwa tulivu, wakikumbuka kwamba miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Visiwa vyote viwili ni vya Waislamu kwa wingi, na Zanzibar kula hadharani mchana wa mwezi huo kunaweza kumfikisha mgeni polisi.

Pingamizi la pili ni kwamba Unguja imejaa na ni ghali, mahali pa wazungu. Juni haijafikia kilele cha Agosti wala cha Krismasi, na hilo peke yake hupunguza bei. Zaidi ya hapo, Unguja ina tabaka za bei ambazo Mafia haina. Daladala namba 116 huenda Nungwi na 309 huenda Jambiani kwa nauli ya wenyeji. Gesti za mjini na za vijijini zipo. Na hoteli nyingi zina bei ya mkazi, ambayo mara nyingi haitajwi mpaka uiulize. Bima ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wa nje, haimhusu Mtanzania. Mafia kuna gesti za Kilindoni, ambazo ni nafuu, na kuna hoteli za Utende zilizopangiwa bei kwa ajili ya mzamiaji kutoka Ulaya. Katikati hapana vingi. Kisha kila siku ya maana inadai mashua, na mashua hulipiwa hata kama mko watatu, juu ya ada ya hifadhi, ingawa raia hulipa pungufu ya mgeni. Kwa kundi la marafiki wanane wanaogawana mashua Mafia ni nafuu. Kwa mke na mume peke yao, Desemba, wajiandae.

Pingamizi la tatu ndilo linalopendwa zaidi Mbeya: kwa nini kuhangaika na bahari wakati Matema ipo? Ufuo wa Matema kwenye Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, uko ndani ya nusu siku kutoka mjini kupitia Tukuyu, maji hayana chumvi, hayapwi, na mtu hurudi na chungu cha Wakisi kutoka Ikombe. Kwa wikiendi ya siku tatu sioni sababu ya kubishana. Matema inashinda visiwa vyote viwili. Ziwa lina tahadhari zake, kichocho na mamba karibu na midomo ya mito, lakini wenyeji hukuonyesha pa kuogea. Ila swali la sura hii ni la mtu aliyekwisha kuamua kuiona bahari, na siku nane au zaidi za Matema si kitu ambacho hata wapenzi wake huomba.

Yamebaki mambo mawili yanayomhusu mtu wa milimani kuliko mgeni mwingine yeyote. Aliyekulia Iringa au Njombe, ambako malaria ni kidogo, mwili wake haujazoea vimelea kama wa mtu wa pwani. Unguja imepunguza malaria hadi kiwango cha chini sana. Mafia ina kazi bado, na njia ya kwenda huko hupita Rufiji. Chandarua na dawa ya mbu si anasa, na homa baada ya kurudi ipimwe siku hiyo hiyo. La pili ni kuogelea. Wengi wetu huku juu tumekua bila kujifunza, kwa sababu mito yetu ni ya baridi na yenye kasi. Sehemu kubwa ya starehe za Mafia humtaka mtu aruke kutoka kwenye mashua penye kina, hata kama amevaa jaketi la kuokolea. Asiyeweza kufanya hivyo atalipia papa potwe na kumwona mgongo tu. Unguja humpa asiyeogelea siku kamili: Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, maji ya kiunoni Kendwa.

Kwa hiyo mpangilio wa maamuzi uwe huu. Kwanza jua mwezi ambao kazi, shule na shamba vinakuruhusu kuondoka. Pili hesabu siku, ukitoa za barabarani. Tatu uliza ni wangapi kati yenu watakaoingia majini kwa hiari. Kaya nyingi za Mbeya na Iringa zikijibu maswali hayo kwa uaminifu zitajikuta Unguja mwezi wa Juni au Julai, na hazitakuwa zimekosa kitu. Kundi dogo lenye Desemba tupu, siku kumi na mbili na watu wasioogopa maji halina sababu ya kufuata wengine. Kwao Unguja ya Krismasi, iliyojaa na iliyopanda bei, ndiyo chaguo baya. Kisiwa kikishapatikana, fungua kalenda ya mwezi na utazame bamvua iko lini. Baada ya hapo ndipo bei ya chumba iwe na la kusema.